Kununua Gari la Kifahari Ambalo Bado Halijapimwa kwa Mgongano

Matini ya mhadhara kwa watumiaji wa bidhaa na huduma



Swali tulilopangiwa leo huonekana, kwa juu juu, kuwa ni la watu wachache wenye uwezo. Mtu amekwenda kwa wakala wa magari na kukuta gari jipya, refu, pana, lenye safu tatu za viti, la aina ile ambayo mitaani huitwa shangingi. Amelikalia. Amefunga mlango na kusikia ule mlio mzito unaomfanya mtu aamini kwamba yumo ndani ya kitu madhubuti. Kisha, kwa kuwa ni mwangalifu, ametafuta matokeo ya majaribio ya mgongano, yaani zile nyota ambazo mashirika ya upimaji hutoa baada ya kuligongesha gari kwa makusudi na kupima madhara yake, na hakupata lolote. Muuzaji amemwambia, "Gari la bei hii haliwezi kukosa usalama." Naye amekuja kutuuliza kama neno hilo ni la kweli.

Tumeona vyema tulijibu hadharani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba magari ya namna hii hayanunuliwi na matajiri peke yao. Hununuliwa na taasisi, na vyama vya ushirika, na familia zilizochangishana. Tena hukodishwa kwa harusi na kwa misiba, wakapanda humo watu ambao hawakuulizwa lolote juu ya ununuzi wake. Ya pili ni kwamba shangingi jipya la leo ndilo litakalouzwa kama mtumba baada ya miaka saba au minane, na swali ambalo halikuulizwa lilipokuwa jipya litakuwa gumu zaidi kujibiwa litakapokuwa limepita mikononi mwa watu watatu.

Tuanze na maana ya pengo lenyewe. Mashirika yanayowapa wanunuzi nyota au madaraja ni machache duniani. Marekani kuna wakala wa serikali, NHTSA, na kuna taasisi inayogharimiwa na kampuni za bima, IIHS. Ulaya kuna Euro NCAP. Australia na New Zealand wanayo ANCAP, na Wajapani wanayo JNCAP. Hapa Afrika shirika la Global NCAP, likishirikiana na chama cha wenye magari cha Afrika Kusini, limekuwa likipima baadhi ya magari tangu mwaka 2017, hasa yale ya bei nafuu. Afrika Mashariki hatuna mpango wetu wa kugongesha magari mapya ili kuwapa wanunuzi nyota. Ukaguzi ambao gari hufanyiwa linapoingia nchini huangalia breki, usukani, taa, matairi na mambo ya namna hiyo. Hakuna mkaguzi anayeliharibu gari la mtu ili ajue lingefanyaje likigonga.

Mashirika hayo huchagua magari ya kupima, na kwa kawaida huanza na yale yanayouzwa kwa wingi. Kila jaribio humaliza gari zima, na kutoa nyota huhitaji majaribio kadhaa. Kwa hiyo gari linalouzwa kwa idadi ndogo na kwa bei kubwa huweza kukaa miaka mingi bila kupimwa, na gari lililotoka kiwandani miezi michache iliyopita huenda bado linangoja zamu. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 300 ilioneshwa kwa ulimwengu mwezi Juni 2021. Nyota zake tano za ANCAP ni za mwaka 2022. Aliyenunua katika kipindi cha katikati alinunua bila nyota, ingawa gari lilikuwa lile lile.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba gari lisilo na nyota halilingani na gari lenye nyota sifuri. Sifuri ni matokeo: kuna watu waliogongesha, wakapima, wakaandika. Pengo halikuandikwa na mtu, na mnunuzi hapaswi kulisoma kama sifa wala kama lawama.

Hata hivyo, pengo la nyota halina maana kwamba gari halikupimwa kabisa. Nchi zinazofuata kanuni za Umoja wa Mataifa za magari huyataka magari mengi ya abiria yafaulu mgongano wa mbele wa kilomita 56 kwa saa, ambapo asilimia 40 ya upana wa gari hugonga kizuizi kinachobonyea, na pia mgongano wa ubavuni. Marekani kiwanda chenyewe ndicho kinachothibitisha kwamba gari limetimiza viwango vya serikali, na serikali hubaki na haki ya kukagua. Lakini sheria huweka mstari wa chini, na matokeo yake ni mawili tu, kufaulu au kushindwa. Haikuambii kama gari lilipita kwa shida au kwa nafasi kubwa. Tuongeze hapa jambo dogo, kwa sababu tumesikia likitumiwa na wauzaji: ile herufi E iliyozungushiwa duara pamoja na namba, ambayo mnaiona kwenye kioo au kwenye taa, huonesha kwamba kioo hicho au taa hiyo imeidhinishwa. Haisemi neno juu ya namna gari zima litakavyogonga.

Sasa turudi kwenye kauli ya muuzaji kuhusu bei. Kwa bahati nzuri, kauli hiyo imekwisha kupimwa. Mwezi Agosti 2012 ile taasisi ya bima ya Marekani, IIHS, ilitangaza matokeo ya jaribio jipya. Badala ya kugongesha asilimia 40 ya upana wa gari kama ilivyozoeleka, iligongesha asilimia 25 tu, kwenye pembe ya upande wa dereva, kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Huo ndio mgongano unaotokea gari linapopigana pembe kwa pembe na gari linalokuja, au linapogonga mti au nguzo kwa ubavu wa mbele. Taasisi ilichagua kuanza na magari 11 ya kifahari na yanayokaribiana nayo, na sababu yake ilikuwa ya busara: teknolojia mpya za usalama huanza kwenye magari ya bei kubwa, kwa hiyo hayo ndiyo yaliyotarajiwa kufanya vizuri.

Mawili tu yalipata daraja la juu, Acura TL na Volvo S60. Moja lilipata daraja la kuridhisha. Manane yaliyobaki yaliangukia madaraja mawili ya chini, na miongoni mwake yalikuwamo majina ambayo hapa kwetu hutajwa kwa heshima: Mercedes C-Class, BMW ya mfululizo wa 3, Audi A4, Lexus IS na ES. Katika Mercedes hiyo gurudumu la mbele lilisukumwa nyuma hadi mguu wa sanamu inayowakilisha dereva ukakwama chini ya pedali ya breki. Mlango wa Volkswagen CC uling'oka kabisa kwenye bawaba zake. Mengi ya magari haya yalikuwa yamefanya vizuri katika mgongano wa zamani. Chuma chao kikuu kilikuwa kimejengwa mahali ambapo jaribio la zamani lilipiga. Jaribio lilipohamia pembeni, nguvu ilipita nje ya chuma hicho, ikaenda moja kwa moja kwenye gurudumu na sehemu ya miguu. Baada ya hapo viwanda vingi vilibadilisha miundo yao.

Tunalolichukua katika kisa hiki ni kwamba kiwanda hujenga kwa ajili ya mgongano kinaoutarajia. Bei humlipia mnunuzi ngozi ya viti, ukimya wa injini, na mara nyingi vifaa vingi vya usalama pia. Haimhakikishii kwamba gari litastahimili mgongano ambao bado hakuna aliyeujaribu. Muuzaji anayejibu swali la usalama kwa kutaja bei hajajibu.

Mnunuzi afanye nini, basi? Ushahidi upo, ila ni wa kuunganisha vipande vipande, na kila kipande kina mpaka wake.

Kipande cha kwanza ni ndugu wa gari hilo. Magari ya kifahari ni nadra kujengwa peke yake. Bentley Bentayga, kwa mfano, ina msingi mmoja na Audi Q7, Porsche Cayenne, Volkswagen Touareg na Lamborghini Urus. Lexus LX ya sasa imejengwa juu ya fremu ya aina moja na ile Land Cruiser ya mfululizo wa 300 tuliyoitaja. Kama gari unalolitaka halina nyota lakini ndugu yake anazo, hiyo ni habari njema na ni halali kuitumia: unajua kwamba mifupa ya gari, yaani fremu na kizimba cha abiria, ilibuniwa na watu wanaoujua mgongano. Lakini undugu huishia hapo. Uzito hutofautiana, magurudumu hutofautiana, viti na mikanda na mifuko ya hewa huweza kuwa vya aina nyingine, na mfuko wa hewa uliopangiwa kufumuka kwa gari moja huhitaji kupangwa upya kwa jingine. Wapimaji wenyewe wanalijua hilo. Euro NCAP iliipima Q7 mwaka 2015, ikaipima Cayenne mwaka 2017, ikaipima Touareg mwaka 2018, kila moja kwa zamu yake, ingawa msingi ni mmoja. Zote zilipata nyota tano. Kama shirika lenye wataalamu halihamishi nyota kutoka gari moja kwenda jingine bila ushahidi wa ziada wa kiwandani, wakala wa magari wa mjini kwetu naye hana ruhusa ya kuzihamisha kwa mdomo.

Kipande cha pili, na hapa ndipo tungependa mtuvumilie tukae kidogo, ni kwamba jina la gari halitoshi. Unanunua gari lililotengenezwa kwa soko fulani, katika mwaka fulani, likiwa na vifaa fulani. Mwaka 2019 Global NCAP iligonganisha uso kwa uso pikapu mbili za kampuni moja, Nissan. Moja ilikuwa NP300 Hardbody mpya, iliyouzwa Afrika. Nyingine ilikuwa Navara ya mwaka 2015, iliyokwisha kutumika na iliyonunuliwa Ulaya. Wapimaji walihitimisha kwamba dereva wa ile mpya ya Afrika angeelekea kufa, na dereva wa ule mtumba wa Ulaya angeweza kushuka na kutembea. Na ile Hardbody haikukosa mifuko ya hewa ya mbele. Kilichoshindwa ni kizimba chenyewe. Kwa hiyo jibu la "lina airbag" nalo halitoshi.

Mwaka nao una uzito wake. Renault Zoe ilipata nyota tano za Euro NCAP mwaka 2013. Mwezi Desemba 2021 gari la jina hilo hilo lilipata sifuri. Sehemu ya sababu ni kwamba masharti ya upimaji yalikuwa yamepanda sana, lakini sehemu nyingine ni kwamba kiwanda kilikuwa kimeondoa mfuko wa hewa wa ubavuni uliokuwa ukilinda kichwa na kifua, kikaweka unaolinda kifua peke yake. Aliyeisoma nyota ya 2013 akanunua gari la 2021 alikuwa anasoma cheti cha gari jingine.

Kwa ndugu zetu wanaoagiza magari wenyewe, jambo hili lina kona zaidi. Shangingi la aina moja huweza kutokea Japani, Dubai, Uingereza au Afrika Kusini, na kila soko lina orodha yake ya vifaa. Orodha ya vifaa iliyochapishwa kwa ajili ya soko la Australia haikuambii kilichomo ndani ya gari lililotoka Dubai. Dai orodha ya gari lile lile, kwa namba yake ya chesisi. Namba hiyo huwa na tarakimu na herufi 17 kwa masoko mengi, na huwa fupi kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Kwa namba hiyo pia huulizwa kama gari limeitwa kurudishwa kiwandani kwa marekebisho, na kama marekebisho yalifanyika.

Kipande cha tatu ni tabia ya gari barabarani kabla ya kugonga. Shangingi ni refu kwenda juu, na kitovu cha uzito wake kiko juu. Wahandisi hukadiria hatari ya kupinduka kwa hesabu nyepesi: umbali kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, ukigawanywa kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Kadiri jibu linavyokuwa dogo, ndivyo gari linavyopinduka kwa urahisi. Hesabu hiyo hufanywa gari likiwa tupu au likiwa na abiria wachache. Sisi tunaosafiri mwezi wa Desemba na magunia, magodoro na ndoo juu ya keria tunaibadilisha hesabu hiyo wenyewe, wala hakuna nyota iliyowahi kupima gari la namna hiyo.

Dawa kubwa iliyopatikana ni mfumo wa kompyuta unaofunga breki ya gurudumu moja moja pale gari linapoanza kuteleza au kuacha njia ya usukani. Marekani umekuwa wa lazima kwa magari madogo yote mapya tangu magari ya mwaka 2012. Lakini hata mfumo huo ni lazima uwe umepangwa vizuri. Mwezi Aprili 2010 jarida la watumiaji la Marekani, Consumer Reports, liliwaonya wasomaji wake wasiinunue Lexus GX 460, gari jipya la kifahari, ndugu wa Prado mnayoijua nyote. Halikugongeshwa popote. Madereva wa jarida waliingia nalo kwenye kona kwa kasi, wakaachia mafuta ghafla, na sehemu ya nyuma ikateleza hadi gari likawa karibu kukaa kiubavu kabla ya mfumo kulidhibiti. Toyota ilisimamisha mauzo, ikayaita kiasi cha magari 9,400, ikarekebisha programu ya mfumo, na baada ya majaribio mapya onyo liliondolewa. Kisa hiki kinawahusu mnaosema kwamba bila majaribio ya mgongano hakuna kinachoweza kujulikana. Taarifa za wapimaji huru wanaoendesha gari hutoka mapema kuliko nyota, wakati mwingine wiki chache tu baada ya gari kuingia sokoni. Zitafuteni, nanyi someni sehemu za breki na za kukwepa ghafla, muachane na kurasa zinazosifu redio.

Tuseme neno juu ya uzito, kwa kuwa wengi huutegemea. Ni kweli kwamba gari la tani mbili na nusu likigongana na gari dogo, abiria wa gari kubwa huumia kidogo zaidi. Sehemu ya mzigo wao imehamishiwa kwa wenzao. Lakini likigonga mbuyu, ukingo wa daraja, au lori lililoharibika na kuachwa barabarani usiku bila taa, uzito ule unageuka kuwa mzigo wake lenyewe, kwa maana gari zito lina nguvu nyingi zaidi za kumaliza. Na nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo. Kilomita 100 kwa saa si mara mbili ya 50 kwa ukali wa pigo, ni mara nne. Hata ukilinganisha na lile jaribio la kilomita 64, mwendo wa 100 una nguvu karibu mara mbili na nusu. Nyota tano hazikupimwa kwa mwendo ambao mashangingi huendeshwa nao katika barabara zetu kuu.

Na usalama wa nani? Taasisi ya IIHS ilichapisha mwezi Novemba 2023 utafiti ulioonesha kwamba magari yenye boneti ya kimo kinachozidi sentimita 102 hivi yana uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 45, wa kumuua mtembea kwa miguu anayegongwa kuliko magari yenye boneti fupi, isiyozidi sentimita 76, na iliyoinama. Mtoto anayecheza mbele ya geti haonekani juu ya boneti ya namna ile. Kamera za mbele na za nyuma, pamoja na mfumo wa kufunga breki wenyewe unapomtambua mtu, ni vifaa vya kuulizia kwa bidii, tena muulize kama vimo katika gari hilo au katika toleo la bei ya juu zaidi. Vile vyuma vya urembo vinavyofungwa mbele ya bampa tungewashauri mviache dukani. Humwongezea madhara anayegongwa, na huweza kuvuruga namna gari lilivyopangwa kubonyea. Ulaya ilitunga kanuni za kuvidhibiti mwaka 2005.

Sasa tuje kwenye safu ya tatu ya viti, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Katika majaribio ya mgongano, sanamu zinazowakilisha abiria huwekwa kwa kawaida kwenye viti vya mbele na safu ya pili. Kwa hiyo hata gari lenye nyota tano limetuambia machache juu ya waliokaa nyuma kabisa. Kwetu sisi huko ndiko wanakokaa watoto, ndiko anakokaa binti wa kazi, na mara nyingi ndiko anakobanwa bibi kwa sababu vijana wamewahi mbele. Hapa hakuna shirika litakalokusaidia, ila unaweza kujisaidia kwa robo saa katika ukumbi wa wakala.

Mpandishe mtu mzima wa familia yako kwenye safu hiyo. Funga mlango wa nyuma. Tazama ni nafasi kiasi gani iliyobaki kati ya kisogo chake na kioo. Hiyo ndiyo nafasi atakayokuwa nayo gari likigongwa kwa nyuma. Inua kile kiegemeo cha kichwa uone kama kinafika nyuma ya kichwa chenyewe au kinaishia shingoni. Hakikisha kila kiti kina mkanda unaopita begani na kiunoni. Kisha tazama juu ya madirisha, kwenye nguzo za gari: mahali palipo na mfuko wa hewa wa pazia huwa pameandikwa SRS AIRBAG. Fuata maandishi hayo hadi nguzo ya mwisho. Kama yanaishia safu ya pili, muulize muuzaji pazia linafika wapi, naye asijibu kwa kukisia. Kama mna mtoto mdogo, njooni na kiti chake mkifunge palepale; vishikio vya ISOFIX huweza kuwapo safu ya pili na kukosekana safu ya tatu. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Na mkishanunua, msikimbilie kuvivika viti vipya kava. Katika magari mengi mfuko wa hewa wa ubavuni hutokea kwenye mshono wa kiti, na kava iliyoshonwa bila kuujua mshono huo huuzuia. Tumeona magari ya mamilioni mengi ya shilingi yakizibwa kinga yake kwa kitambaa cha bei ndogo siku ile ile yalipotoka dukani.

Hayo yote yakishafanyika, bado kuna la kuandika. Mwandikieni muuzaji barua fupi kabla ya kulipa malipo ya awali. Mwambieni ataje, kwa namba ya chesisi, idadi ya mifuko ya hewa na mahali kila mmoja ulipo. Kama mfumo wa kudhibiti uthabiti na wa kufunga breki wenyewe vimo. Gari lilitengenezwa kwa soko lipi. Na kama anadai lina nyota, zilitolewa na shirika gani, mwaka gani, kwa toleo lipi. Nyota zisizo na jina la shirika na mwaka msizihesabu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, lakini maneno yaliyosemwa ukumbini huku mkinywa chai ni magumu kuthibitishwa, na barua ni rahisi. Muuzaji mwaminifu asiyejua atauliza kiwandani. Mpeni wiki mbili. Anayekataa kuandika kile alichokisema kwa ufasaha dakika kumi zilizopita amewapa habari ya kutosha.

Mtu anaweza kutuuliza: je, mwisho wake ninunue au nisinunue? Kama ndugu wa gari hilo amepimwa na kufaulu katika miaka ya karibuni, kama vifaa vyote vimethibitishwa kwa maandishi, kama wapimaji wa barabarani hawakulalamikia tabia yake, na kama safu ya tatu imeridhisha, sisi tungesema pengo la nyota pekee lisiwazuie. Likikosa ndugu aliyepimwa, na hasa kama kiwanda ni kigeni sokoni na hakina gari lake lolote lililowahi kupimwa, tungewashauri mngoje, au mchukue la bei ndogo zaidi lenye matokeo. Kungoja mwaka mmoja si hasara kubwa kwa gari mtakalokaa nalo miaka kumi. Walioagiza tayari na wanangoja meli, waendelee kuangalia: matokeo huweza kutoka gari likiwa baharini, na mkataba ulioandikwa vizuri huweka kifungu kinachowaruhusu kurudishiwa malipo ya awali iwapo matokeo hayo ni mabaya.

Tutapokea maswali sasa. Wenye karatasi za magari mliokuja nazo, tuanze na ninyi.